Binti Aliyeusoma Mto

Kulikuwa na binti mmoja aliyesomea uhandisi wa ujenzi chuoni, na papo hapo akifunzwa uafisa wa jeshi. Alfajiri yumo kwenye mchakamchaka, bunduki kifuani. Saa mbili yumo darasani, matope hayajakauka kwenye buti. Siku moja usingizi ukamwangusha katikati ya somo la mwendo wa maji. Mhadhiri akamwamsha kwa upole, akamwambia, "Mwanangu, chagua. Ama chuo, ama jeshi." Jioni ile ile, kambini, mkufunzi naye akamwambia bila upole wowote, "Mimi natengeneza afisa. Hesabu zako zitamfaa nani vitani?"

Ninyi mngemshauri nini? Mimi ningemwambia aende kwao akapumzike. Yeye alifua sare, akamaliza hesabu zake, akalala.

Ikafika siku ya mtihani wa mwisho kambini. Kila mwanafunzi, binti huyu akiwemo, alipewa kuongoza watu wanane na machela yenye mwenzao aliyejifanya majeruhi, wamfikishe ng'ambo ya mto kabla ya saa sita mchana. Lakini milimani mvua ilikuwa imenyesha. Walikuta mto umefura na daraja la magogo limechukuliwa na maji. Viongozi wengine wakageuka, wakaenda kuzungukia daraja la barabara kuu, mwendo wa saa nne.

"Tuwafuate," watu wake wakamwambia. "Au kama ni kuvuka, tuvukie hapa palipobana. Ni hatua kumi tu."

Binti akachuchumaa. Akatupa kijiti majini, akahesabu kimya kimya kinavyokimbia. Akapanda kidogo kuelekea mto unakotoka, akatupa kingine.

"Hapo pembamba ndipo patakapotuua," akasema. "Maji yakibanwa hukimbia. Tutavukia kule yalikotanda."

Kule upana ulikuwa mara tano, na hakuna aliyekutamani. Darasani ukikosea unakatwa alama. Hapa angepoteza mtu. Akajifunga kamba kiunoni, akawapa wenzake ncha ya pili, akaingia wa kwanza. Maji yakamfika kiunoni. Yakamfika kifuani. Kisha yakaanza kushuka. Akaifunga kamba kwenye mti ng'ambo, nao wakavuka wakiishikilia, machela mabegani.

Saa tano kasoro robo machela ilitua mbele ya mkufunzi. Alikuwa akinywa chai, hakumtarajia mtu.

"Kuusoma mto hivyo, nani kakufundisha? Mimi sikukufundisha."

"Chuoni, afande."

"Na kutangulia majini?"

"Hapa, afande."

Mkufunzi akaweka kikombe chini, akasimama wima, akampigia saluti mwanafunzi wake.

Mwaka ule, nyota ya begani na joho la shahada alivivaa vyote viwili ndani ya mwezi mmoja.

Ndugu zangu, wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli. Lakini binti huyu hakushika mbili. Alishika moja kwa mikono miwili. Sisi je? Tunamgawia Mungu Jumapili, Jumatatu tunaibakiza iwe yetu. Humu kanisani tunaimba kwa machozi, sokoni tunapunja mizani, nyumbani tunafoka hadi watoto wanajificha. Nani katuambia kwamba hayo ni maisha mawili? Sala uliyosali asubuhi hii ina kazi kesho dukani kwako, ofisini kwako, jikoni kwako. Inukeni, mwende nayo.