Mguu Chakula Chake Njia

Mguu chakula chake njia. Mmecheka, nimewasikia, na mmoja wenu kauliza kama mguu una mdomo. Haya, kaeni. Nilitaka kwenda dukani mwenyewe, mkanizuia mlangoni kama mbuzi anayekimbilia shamba la watu, ndipo neno hilo likanitoka. Methali hii ilianza hivi, na mwenye haraka aende zake.

Huku kwetu Upare, juu kidogo ya ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mashamba, aliishi mjane mmoja jina lake Nakundwa. Alikaa na mkaza mwana wake, Nanzighe, kwa kuwa mwanawe alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule tambarare na alirudi mara moja moja. Ng'ambo ya bonde alikuwako rafiki yake, Namcharo. Hao wawili waliolewa msimu mmoja, wakaulilia ugeni pamoja, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Mmoja akimtembelea mwenzake, lazima asindikizwe. Na kusindikizana kwao kulikuwa kichekesho, maana huyu akimfikisha yule kwake, yule husema, siwezi kukuacha urudi peke yako, nao hugeuka tena. Waume zao walikula ugali uliopoa miaka mingi kwa sababu hiyo.

Basi asubuhi moja ya mvua, Nakundwa aliteleza kwenye ukingo wa ndiva akateguka kifundo cha mguu. Akakandwa, uvimbe ukaisha, mfupa haukuwa na neno. Kilichobaki ni woga.

Sasa msikilize huyu Nanzighe. Alimpenda mama mkwe wake kwelikweli. Tena mnajua watu wa kwetu: bibi mzee akionekana na kibuyu cha maji, hakuna anayesema bibi ana nguvu. Wanasema mkaza mwana ni mvivu. Kwa hiyo, kwa mapenzi na kwa kuogopa midomo ya watu, Nanzighe alimweka mama mkwe wake kwenye kigoda, na kigodani akabaki. Maji aliletewa. Kuni aliletewa. Hata kuku walipoingia ndani, alifukuziwa. Na chakula usiseme: makande, maziwa, supu ya kwato. Uso ukanawiri, miguu ikakonda, na kifundo kile kikawa hakijui tena kazi yake.

Ng'ambo nako macho ya Namcharo yalikuwa yanafifia, akashindwa kuvuka bonde. Marafiki wale wakawa wanapelekeana salamu tu.

Mahindi yalipokuwa machanga, binti wa Namcharo alipanda mlima kutoka Tanga, akaja mpaka kwa Nakundwa na machozi yake.

"Mama, daktari amesema macho yanatibika, ila tukichelewa ataingia gizani moja kwa moja. Nataka kumchukua wakati wa mavuno. Amekataa. Anasema hajawahi kuondoka kwake bila wewe kumsindikiza, na usipomsindikiza haendi."

"Atakwenda," akasema Nanzighe upesi. "Vijana watambeba mama kwa machela mpaka kule."

"Nikifika kwa machela," Nakundwa akasema, "atasikia miguu ya wanaume wanne, atajua naumwa. Utamtoa wapi tena? Atakaa aniuguze na macho yake yale."

Akashika fimbo, akainuka. Kifundo kikatetemeka. Akaenda hatua chache, akaona mteremko mbele yake, akarudi kigodani akalia. Alilia kama mtoto, na Nanzighe naye akalia.

"Mama, unakula vizuri. Nguvu zinakwenda wapi?"

"Tumbo umelishibisha, mwanangu, Mungu akubariki. Miguu umeilaza njaa."

Neno lile lilimchoma Nanzighe. Akauliza, "Sasa tufanyeje?"

"Mtoto tunamfundishaje? Anashika kitu, anasimama. Akianguka tunamwinua, hatumfungi mgongoni mpaka anaoa."

Wakaanza jikoni. Nanzighe akimenya ndizi, Nakundwa alishika nguzo ya jiko, akainua visigino, akavishusha polepole. Akasimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, mkono haubanduki kwenye nguzo. Ndala zile za kuteleza zikatupwa, akanunuliwa viatu vya kufunga kisigino. Baadaye akatoka mpaka migombani, halafu mpaka kwenye mfereji, Nanzighe nyuma yake, mikono imetangulizwa mbele kama anayetaka kudaka yai. Siku nyingine kifundo kiliuma, wakapumzika. Siku nyingine woga uliuma zaidi, wakarudi njiani. Kesho yake walikwenda tena.

Siku moja Nakundwa alikuwa anapanda kutoka mferejini na kibuyu kidogo mkononi. Jirani mmoja, Nambike, mwanamke mwenye ulimi usiolala, akasimama.

"Makubwa haya. Siku hizi wakwe ndio wanatumwa maji?"

Nanzighe moyo ulimpasuka. Neno lenyewe alilolikimbia miaka yote ndilo hilo, limesemwa njiani, watu wanasikia. Mkono ukakiendea kibuyu akipokee. Akamtazama mama mkwe wake, anahema, jasho linamtoka, lakini amesimama. Mkono akaurudisha.

"Namlisha," akasema.

"Unamlisha nini na kibuyu?"

"Miguu. Mguu chakula chake njia."

Nambike alicheka mpaka kwake, akaenda kulitangaza neno lile kijiji kizima kama dhihaka. Ndivyo lilivyoenea.

Mavuno yakafika. Namcharo alikuwa amekaa mlangoni pake, amekataa kuvaa viatu, binti yake amechoka kubembeleza. Akasikia fimbo ikigonga jiwe, kisha mguu, kisha mguu mwingine. Polepole, lakini alizijua hatua zile tangu ujana wao.

"Umechelewa," akasema.

"Njia imerefuka."

"Njia iko vilevile. Wewe ndiye umezeeka."

Wakashikana, wakacheka, wakalia. Kisha Namcharo akavaa viatu. Wakateremka mpaka barabarani, asiyeona ameshika mkono wa mwenye kifundo kibovu, na Nanzighe nyuma yao, hakumgusa mtu. Gari lilipokuja, Namcharo hakutaka kuuachia mkono ule.

"Na wewe nani atakusindikiza urudi?"

"Panda," Nakundwa akamwambia. "Ukirudi unaona, utanisindikiza."

Akarudi anaona. Watu wanasema kitu cha kwanza alichokitazama aliposhuka garini ni miguu ya Nakundwa, iliyosimama palepale barabarani ikimngoja. Akainama akaishika kwa mikono miwili. Kisha akamsindikiza mpaka kwake, na Nakundwa naye, mnajua tena, akageuka akamsindikiza yeye.

Basi. Nipeni fimbo yangu, duka halijafungwa. Najua mnanizuia kwa kunipenda, wala sijakasirika. Anayetaka kuja nami na aje, akae nyuma yangu, asinishike mpaka nimwambie. Mguu, wajukuu zangu, chakula chake njia.