Kiendeshi cha Shemeji

Aliyechomwa na mwiba njiani huambiwa pole hata na asiyemjua. Lakini aliyeutega mwenyewe umpate mwenzake, kisha akaukanyaga, huyo hutazamwa tu.

Ndivyo alivyotazamwa Mkongwe, mwandishi wa programu katika ofisi iliyotengeneza milango inayofunguliwa kwa alama za vidole. Ndiye aliyemtafutia kazi shemeji yake, mume wa dada yake mdogo, akamfundisha tangu alifu. Kosa la shemeji lilikuwa moja tu: alijifunza. Alipopewa kuandika kiendeshi, programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuzungumza na kisomaji cha vidole, kijicho kilimpanda Mkongwe hata chai ikawa haishuki. Cheo cha mkuu wa kitengo kilikuwa wazi, naye alikihesabu kuwa chake.

Hapo ofisini, kazi haipiti mpaka mwenzako aikague. Shemeji akaipeleka kwake.

"Shemeji, nipitishie macho hapa. Jicho lako naliamini kuliko langu."

Mkongwe akapitisha, akaona. Kila kidole kilipogusa, kiendeshi kiliomba kipande cha kumbukumbu, nafasi ya kufanyia kazi ndani ya mtambo. Kidole kikiwa kigeni, yaani hakijasajiliwa, kiendeshi kilisahau kukirudisha kipande hicho, kama mtu achukuaye sahani jikoni kila mlo asirudishe hata moja. Vidole vigeni vikizidi, mtambo ungejaa na kuganda. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja. Moyo ukamwambia: mwache aumbuke.

"Safi kabisa, shemeji," alisema, akatia jina lake kwamba amekagua.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa wateja. Mkongwe aliketi nyuma, amekunja nne, akingoja kicheko chake. Mkurugenzi akamwita shemeji mbele.

"Mimi mwanafunzi tu," shemeji akasema. "Aliyenifundisha na kuikagua kazi hii yule pale. Shemeji, njoo uwaonyeshe wewe."

Makofi yakapigwa. Mkongwe akaenda mbele. Bado angeweza kusema, lakini aseme nini, na jina lake limo? Wageni wakapanga foleni, kila mmoja akiona raha kukataliwa na mlango. Mara mlango ukaganda, taa yake ikazimika.

Shemeji akainamia kompyuta, akatafuta, akapata.

"Kosa ni langu, mama," akamwambia mkurugenzi. "Nimeomba kumbukumbu nikasahau kuirudisha."

"Wewe bado unajifunza." Mkurugenzi akamgeukia Mkongwe. "Wewe je? Hukuliona, au uliliona?"

Akisema hakuliona, hafai kuwa mkuu. Akisema aliliona, hafai hata kuajiriwa. Akabaki kutazama viatu vyake, na kimya hicho kikajibu. Shemeji akachukua mkoba wake na kuondoka bila kuaga.

Jioni, dada yake alipiga simu. Mkongwe, aliyekwisha kupokonywa kazi, alitarajia walau neno moja la kumliwaza.

"Kaka," dada akasema, "mume wangu alikukosea nini?"

Kisha akakata simu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.