Dada Yuko Njiani

Tunda huoza, ubao huoza, na mwili wa binadamu, hata uwe wa nani, huoza. Lakini wahenga waliposema kwamba wema hauozi, walimaanisha kuwa jambo jema ulilomtendea mtu halipotei, hata kama uliyemtendea hana tena kinywa cha kukushukuru. Aliyelijua hili kwa machozi yake mwenyewe ni mwanamke mmoja aliyekuwa akishona nguo jirani na msikiti. Watu wote walimwita Fundi.

Fundi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na mdogo wake wa kike tu, aliyeolewa na mwalimu katika mji wa ng'ambo ya mlima. Tangu utotoni walimbandika jina la Chiriku kwa kupenda kwake kusema. Kila jioni Chiriku alimpigia dada yake simu, akamsimulia mambo ya siku nzima mpaka sindano ikamponyoka Fundi kwa kicheko.

Asubuhi moja ardhi ilitetemeka kama mtu mwenye homa. Kufumba na kufumbua, mtaa wa soko ukawa kifusi. Msikiti ulipata nyufa lakini haukuanguka, na kabla ya adhuhuri jamaa wa msikiti walikuwa wamekwishagawana kazi: wanaume kufukua, vijana kugawa maji na mablanketi, akina mama kupika uani kwa yeyote aliyefika, awe wa dini hii au ile. Fundi alipewa kazi ya kukata sanda. Mashuka ya majirani yalipita kwenye mkasi wake, meupe kwanza, na hayo yalipokwisha, ya maua. Baadaye Bi Mkubwa, kiongozi wa akina mama, akamwomba amsaidie pia kuosha maiti wa kike, maana baadhi ya walioijua kazi hiyo nao walikuwa wamefariki.

Simu ya Chiriku haikupatikana, na barabara ya mlimani ilikuwa imefunikwa na maporomoko. Kila Fundi alipofunua uso wa mwanamke, moyo ulimlipuka, ingawa alijua mdogo wake hawezi kuwa pale. Aliitamani mno ile sauti, hata kama ingekuja kumgombeza.

Siku zikapita. Dereva wa lori la msaada akasema atajaribu njia ya kuzunguka mlima, na anayo nafasi ya mtu mmoja. Fundi akafunga kibunda chake upesi. Wakati huohuo wakaletwa wasichana waliofukuliwa kwenye bweni lililoporomoka, na mwoshaji mwingine alikuwa amelazwa na homa. Bi Mkubwa alibaki peke yake, mgongo umempinda kwa uchovu.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Fundi. "Damu nzito kuliko maji. Hakuna atakayekulaumu."

Fundi akapanda. Injini ilipowashwa, kutoka juu ya lori alimwona Bi Mkubwa akijaribu kumgeuza msichana mmoja, akishindwa, akijaribu tena. Akamwomba dereva radhi, akashuka, akakunja mikono ya gauni lake.

"Mbona umerudi?"

"Na hawa wana dada zao," Fundi alijibu.

Aliwaosha polepole, kama mtu anayechelea kuwaamsha, akimwita kila mmoja "mdogo wangu".

Barabara ilipofunguliwa, alikwenda. Alimkuta shemeji yake hemani, uani mwa kanisa, mkono umefungwa bendeji. Shemeji alipomwona aliinamisha kichwa tu, na Fundi akajua. Taratibu akaelezwa kwamba Chiriku alitolewa kwenye kifusi akiwa hai, akalazwa pale kanisani, akafariki kesho yake. Hata lile lori lisingemuwahi.

Fundi aliogopa kuuliza, lakini akauliza: nani alimwosha? Alikuwa amesikia kwamba katika msiba ule wengi walizikwa bila kuoshwa, hawakupata hata tone la maji.

Shemeji akamwita mama mchungaji, mwanamke mnene mwenye viganja vilivyochubuka kwa kuondoa mawe. Yeye na wanawake wenzake hawakuzijua taratibu za Waislamu, alisema, basi wakamtafuta bibi mmoja Mwislamu aliyevunjika mguu, wakambeba na kiti chake, naye akawaelekeza: upande wa kulia kwanza, nywele zisukwe mafungu matatu. Maji yalikuwa haba, kwa hiyo kila mmoja alitoa sehemu ya maji yake ya kunywa.

"Alikuulizia mpaka mwisho," mama mchungaji aliongeza. "Nikamwambia, dada yuko njiani. Nilipomwosha nikamwambia tena. Leo umenitoa katika uwongo."

Fundi akavishika vile viganja, akaviweka usoni pake, na kilio alichokizuia siku zote hizo kikatoka.

Walikwenda pamoja kaburini. Fundi alikaa pale mpaka kivuli kikahama, akiitamani sauti ambayo hakuna wa kuirudisha. Hamu hiyo haikumtoka, hadi leo haijamtoka. Lakini alijua kwamba yeye alipokuwa akiwashika watoto wa watu kama ndugu zake, ng'ambo ya mlima watu asiowajua walikuwa wamekwisha kumshika ndugu yake kama ndugu yao. Mwili wa Chiriku umerudi udongoni, kama itakavyorudi miili yetu sote, ila wema hauozi.