Kitelezacho Sakafuni

"Kitelezacho sakafuni hukwama kokotoni." Mmenisikia nikimwambia Zuhura hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na siku ile hakuna aliyecheka.

Rafiki yangu Mwanamvua alikuwa anaolewa na Shekue wa Tanga mjini. Kwetu, kabla ya nikahi, upande wa bwana huleta sanduku la bibi harusi: kanga, manukato, viatu. Halifunguliwi njiani, wala halibebwi kichwani kama mzigo wa sokoni. Mwaka uliotangulia Mwanamvua alikwisha kupambwa akangoja sanduku la mchumba mwingine, mtu wa maneno matamu, lisije. Kwa hiyo safari hii mjomba wake alisema mapema: adhana ya alasiri ikilia sanduku halijafika, hakuna nikahi.

Dukani, shangazi yake Shekue, Bi Mwanaisha, alichagua begi la magurudumu manne. Alilisukuma kwa kidole juu ya vigae, likamfuata ubavuni kama kondoo. Wifi yake, mama wa bwana harusi, alikuwa na begi lake kuukuu la magurudumu mawili makubwa, la kuinamisha na kuvuta.

"Wifi, njia ya kule kwa bibi harusi inatengenezwa," alisema mama.

"Hilo lako lilikwenda hija ya mwaka gani?" Bi Mwanaisha akamjibu.

Gari liliishia penye kokoto za barabara mpya, na mbele hapakupitika ila kwa miguu. Vigurudumu vya begi jipya viliuma kokoto vikagoma. Likisukumwa, linaanguka, likivutwa, linakwaruza tu. Kimoja kikang'oka.

"Tangulia, wifi, wakuone," alisema Bi Mwanaisha. "Wasije wakadhani ni yaleyale."

Mimi nilikuwa ndani na Mwanamvua. Mikono yake ya hina ilikuwa baridi, na kila mlango ukigongwa alishtuka. Mwishowe akaanza kuvua vipuli.

Ndipo mama mkwe akaingia uani, vumbi hadi magotini, akivuta begi lake.

"Sanduku limekwama njiani," alisema. "Hili ni langu, lina nguo zangu tu. Nimekuja mjue kwamba tunakuja."

"Basi sanduku halijafika," alisema mjomba, na adhana ikaanza.

Mwanamvua akatoka chumbani, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. Akalifungua lile begi, akatoa kanga ya mkwewe iliyopauka kwa kufuliwa, akajitanda.

"Mjomba, limefika. Hili ndilo langu."

Akaozwa na kanga hiyo. Lile begi zuri lilifika magharibi, wanaume wamelibeba begani kama jeneza. Bi Mwanaisha akalitua ukumbini, akalisukuma, na kwa magurudumu yale matatu yaliyobaki likateleza vizuri kabisa hadi miguuni pa Mwanamvua. Naye akasema, na hata leo sijui kama alilisema begi au alimsema yule mchumba wa kwanza:

"Kitelezacho sakafuni hukwama kokotoni."