Mtungi wa Zimwi na Kifuu cha Bi Mashavu

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia. Mmekula au hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Na wewe Kombo, acha kunitafunia njugu masikioni.

Hapo kale palikuwa na mjane, jina lake Somoe, na binti yake Mize. Watoto walikuwa wawili, lakini mmoja alikufa na njaa. Tangu siku hiyo Somoe aliapa, "Huyu aliyebaki hatakufa njaa. Wallahi hatakufa!"

Basi mavuno yakaja, mahindi yakawa bei ya bwerere. Somoe akauza bangili, akauza kitanda, akanunua magunia saba. Saba, wanangu! Na jiko lake ukisonga ugali kiwiko kinagonga ukuta. Akapanga gunia juu ya gunia, mlango haufungi. Akapandisha darini, dari likaanguka. Moja akaliacha uani, mvua ikalinyeshea, likaota. Akakaa chini akalia.

Jirani yake, kizee Bi Mashavu, akamwambia, "Mwanangu, sisi hapa tunawekeana. Gunia moja kwangu, moja kwa Mwinyi, moja kule kwa Bi Tufaha. Panya wakiingia kwa mmoja, kwa wengine kumesalimika."

"Na mkinilia je?"

"Ala! Tangu lini tukala cha mtu?"

Somoe akakataa. Hofu ilikuwa imemkaa moyoni, hasikii la mtu.

Siku moja akapita mzee mwenye kilemba kikubwa. Kilemba hicho kilifunika mdomo wa pili, huku kisogoni. Zimwi hilo! Lakini Somoe atajuaje?

"Nina mtungi," likasema. "Mdogo kama ngumi, lakini unameza ghala zima. Nakuazima. Sharti langu moja tu: chombo cha watu hakirudi kitupu."

Somoe akacheka. "Hilo nani asiyelijua? Hata sahani ya jirani nairudisha na andazi."

Hakuuliza zaidi. Na zimwi lina mwiko wake, wanangu: neno likitoka kinywani mwake, hulifunga zimwi lenyewe. Likumbukeni hilo.

Mtungi ukameza magunia sita, jiko likawa jeupe.

Basi njaa ikaja. Somoe akawa anafunga mlango ndipo anapika. Bi Mashavu akabisha hodi. "Somoe, nisaidie japo makapi."

"Hamna kitu."

Siku ya pili akaja tena. "Hamna kitu." Siku ya tatu akaja akijikokota, ameshika ukuta. "Hamna kitu, Bi Mashavu." Na chungu kinatokota nyuma ya mlango! Haya, semeni nyie kama hiyo ni tabia.

Lakini zimwi ni zimwi. Kila ulichomeza ule mtungi, kingi kilikwenda kwake pangoni. Haukwisha mwezi, Somoe akatia mkono, akatoa vumbi. Akaupindua. Patupu!

Sauti ikatoka mtungini. "Somoe! Mtungi wangu! Kesho jua likiwa utosini uulete pangoni, na usirudi mtupu. Ukirudi mtupu, nitamtia Mize ndani, nimle."

Somoe akapiga ukelele. Akatia mawe, mtungi ukayatema. Akatia majani, ukayatema. Akatia kanga yake ya mwisho, ukaitema. "Chakula!" ukasema. "Chakula!"

Kulipokucha akakimbia kwa Mwinyi. "Hamna kitu." Kwa Bi Tufaha. "Hamna kitu." Na kweli hawakuwa nacho, midomo imewapauka. Akafika kwa Bi Mashavu, akaona haya kubisha. Akaanguka kizingitini.

"Bi Mashavu, nilikudanganya. Kilikuwamo! Nimekunyima mara tatu, na leo zimwi linamtaka mwanangu."

Bi Mashavu hakumgombeza. Nguvu za kugomba hana. Akavuta kifuu cha nazi kutoka chini ya mkeka, ndani mna konzi moja ya mtama, mbegu yake. Tundu la kifuu kaliziba kwa kitambaa.

"Chukua," akasema. "Mtoto ni wetu sote. Ila kifuu changu unirudishie, sina kingine."

Jua utosini, Somoe na Mize wakafika pangoni. Pango limejaa nafaka hadi juu, za wote walioazimwa mitungi. Zimwi likavua kilemba, midomo yote miwili wazi. Somoe akautoa mtungi, na ndani yake kifuu. Zimwi likakibugia kile kimtama na kitambaa pamoja, likamshika Mize mkono.

"Sijashiba!"

"Mwachie! Hicho kifuu ni cha watu," Somoe akasema huku analia. "Cha Bi Mashavu, anakitaka. Na umesema mwenyewe, chombo cha watu hakirudi kitupu!"

"Kijifuu hiki?" Zimwi likamwachia mtoto, likachota mahindi, likatia. Yakatoka tunduni. Likachota, yakatoka. Likachota, yakatoka. Mwiko umelishika, kuacha haliwezi. Mahindi yakaporomoka hadi njiani, watu wakaja na vikapu na mikeka. Punje ya mwisho ilipotoka, kifuu bado kitupu, zimwi likakauka pale pale limeinama, likawa kichuguu.

Somoe akajaza kifuu mahindi, tundu kaliziba kwa kidole, mbio hadi kwa Bi Mashavu.

"Hodi, Bi Mashavu! Hodi! Hodi!"

Mnataka niwaambie aliitikia. Hakuitikia. Alikuwa kalala mkekani, njaa imemmaliza. Somoe akakiweka kifuu karibu na mkono wake, akalia hadi sauti ikamkauka. Chombo kilirudi kimejaa, mwenyewe hayupo.

Hadithi yangu imeishia hapo, na machozi ya Somoe sikuyafuta mimi. Jiko likiwa dogo, weka akiba kwa jirani. Na jirani akibisha, mfungulie siku hiyo hiyo.

Haya, Kombo. Gawa hizo njugu.