Shimo la Pazi

Mtu mmoja aitwaye Pazi alikuwa na shamba la mihogo na nyumba ya udongo aliyoachiwa na baba yake. Udongo wa shamba lile ulikuwa mwekundu, mzito, haupasuki ukutani. Akaja mgeni, Chambuso, akaomba udongo wa kukandikia kibanda ng'ambo ya njia. Nanyi mnajua mila: anayejenga hanyimwi udongo. Pazi akamchimbia kwa jembe lake mwenyewe, na mkewe Siwema akawapikia wakandikaji uji.

Kibanda kikaisha, Chambuso akataka nyumba ya matofali ya kuchoma. Nyumba ikaisha, akataka ghorofa, na ukuta wa kuizunguka. Kila mara alikuja na karai na neno "jirani", na kila mara Pazi alimwambia chukua. Mihogo iking'olewa kupisha sururu, Siwema alinung'unika, mumewe akamnyamazisha. Mwisho shamba likaisha, likabaki shimo. Msimcheke! Alidhani anajenga ujirani.

Masika yakaja, ukuta wa Pazi wa upande wa kitandani ukaanguka. Siwema akawa analala chini ya turubai, anatetemeka kwa homa. Pazi akavuka njia na karai tupu, akagonga geti. Hakuomba chumba. Aliomba matofali mabovu tu, yaliyolundikwa pale uani hayana kazi, akazibe pengo mkewe apate kupona. Chambuso hata hakushuka. Alichungulia dirishani, akasema:

"Pazi, mwenye shimo kubwa hivyo anakosaje udongo?"

Kesho yake likaja toroli kutoka kwa Chambuso. Halikubeba tofali hata moja. Lilibeba maganda, nepi chafu na matumbo ya kuku, yakamwagwa shimoni bila hata hodi. Likaja tena kesho kutwa, na kila siku baada ya hapo. Siwema akazikwa kabla mvua hazijakatika.

Leo wajukuu wa Chambuso wakipita pale huziba pua. Huwaambia wageni wao kwamba pale ni jalala tangu enzi na enzi, na kwamba wenyeji ni wavivu, hawajawahi kujenga kitu. Wameyaandika hata kwenye vitabu vya watoto. Uongo mtupu, tena wa mchana kweupe!

Mmetoka jijini mkaja kuniuliza historia ya mji wetu huu mdogo, na tangu mshuke garini mmeshika vitambaa puani. Historia yenyewe ndiyo hiyo. Mji huu ndio Pazi, na jiji lenu ndilo Chambuso. Mchanga, mawe, kuni na maji vilitoka hapa, na malori yenu ya taka mmepishana nayo njiani. Basi nijibuni kabla hamjafungua madaftari yenu: kama watu wa hapa hawajawahi kujenga kitu, ninyi usiku mnalala ndani ya nini?