Bi Mbuni, Mwalimu wa Kuruka

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa ya wenye njaa? Paukwa tena!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, ndege walikuwa na chuo cha kuruka, na mwalimu wake alikuwa Bi Mbuni. Ndiyo, mbuni huyo huyo, mwenye mabawa ya kujipepea. Hata yeye alijicheka. Lakini kila aliyejua kuruka aliruka akaenda zake, nyuma hakutazama. Akabaki kufundisha yule asiyeweza kuondoka.

Akafundisha alichokijua. Kimbia, puku puku puku! Tandaza mabawa, pa! "Yanayobaki yatakuja yenyewe," alizoea kusema, huku akitazama pembeni.

Mwaka huo ukaja ukame. Bwawa likanywea. Makorongo wakajikusanya kuhama, na atakayebaki atakufa kiu. Korongo mdogo, mwanafunzi wa Bi Mbuni, akaomba nafasi msafarani. Mzee Korongo, kiongozi wa msafara, akamuuliza kama amewahi kuvuka ziwa. Hajawahi. Basi akavuke kwanza, ndipo aje.

Mtoto akarudi analia. Akakimbia, puku puku puku. Akatandaza mabawa, pa! Akasimama.

"Mwalimu, baada ya hapa?"

"Mwanangu," Bi Mbuni akasema, "baada ya hapa hata mimi nangoja kuambiwa."

Lakini miguu Bi Mbuni anayo. Akatimua mbio hadi bwawani kwa makorongo.

"Shikamoo, mwalimu," Mzee Korongo akasema. "Bado unafundisha kuruka?"

"Marahaba, baba. Nafundisha mbio. Wanaojua wanaondoka, wanaoanza hamwachukui. Mkiisha ninyi wazee, msafara huu utapita kwa miguu, na kiongozi wake nitakuwa mimi."

Makorongo wakacheka, midomo ikagongana, ka-ka-ka-ka.

"Na wewe," Bi Mbuni akamuuliza Mzee Korongo, "mara ya kwanza ulivuka ziwa na nani?"

Mzee Korongo akasema, "Nilifuata mkia wa baba."

"Basi na huyu mwonyeshe mkia."

Asubuhi makorongo wakapaa. Korongo mdogo akakimbia, Bi Mbuni ubavuni mwake, puku puku puku. Pa! Miguu ya mmoja ikaacha ardhi.

"Mwalimu, sasa nifanye nini?"

"Usiniulize mimi! Tazama mkia ulio mbele yako!"

Tangu hapo, kila msimu korongo mkongwe mmoja hutangulia kurudi, akafundisha hewani. Bi Mbuni akabaki na somo lake la mbio.

Basi, wajukuu zangu, anayeanza hapati uzoefu asipopewa nafasi, na aliyekwisha kujua asimwachie mbuni kazi ya kufundisha.

Hadithi yangu imetua hapo. Mwenye mabawa aipeleke mbele, mimi naenda zangu kwa miguu.